Vigae vya Chumba cha Bi Mwatumu

Nyumba ya Hatibu pale Mabawa, mjini Tanga, ilikuwa imekwisha kuta, imekwisha bati, na milango yake ya mninga imetiwa komeo za shaba, lakini chini bado ilikuwa zege tupu. Zege lenyewe la kijivu, lenye vumbi lisilojua kwisha. Mkewe, Asmahani, alikuwa akifagia alfajiri, akifagia tena baada ya chai, na bado akipita ukumbini pindo la kanga yake hurudi lina rangi ya majivu. Walitandika majamvi, wakatandika na mikeka juu ya majamvi, vumbi likapenya vilevile, likawafuata mpaka kwenye sinia la wali.

Kwa hiyo siku fundi Ernesti alipoingia uani anaikokota baiskeli yake, nyuma amefunga kikapu, na ndani ya kikapu mna vigae vitatu vilivyozungushiwa gunia visije vikagongana, Asmahani aliacha unga kwenye ungo akaja kusimama. Hatibu naye, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana bandarini, akatoka na kikombe chake cha kahawa mkononi.

Ernesti alivipanga barazani kimoja kimoja. Cha kwanza kidogo, inchi nne kila upande, kinakaa katikati ya kiganja. Cha pili inchi nane. Cha tatu inchi kumi na mbili, na hicho kukiinua ilibidi atumie mikono miwili. Vyote rangi moja, damu ya mzee, na vyote vinang'aa.

"Vimetoka karakana moja kule karibu na reli," Ernesti alisema akivifuta kwa kiwiko. "Saruji safi, imeshindiliwa kwa chuma, ikalowekwa majini mpaka ikashiba. Ubora ni ule ule. Kilichobaki ni nyinyi kuchagua ukubwa."

"Huu hapa," Hatibu alisema, hata kahawa hajaimeza vizuri, na kidole kiko juu ya kile cha inchi kumi na mbili. "Hakuna haja ya kuchagua. Mtu akiingia ajue kaingia nyumbani kwa watu."

"Na hivi viwili vingine kavileta vya nini?" Asmahani aliuliza.

"Kavileta tuvione, tumeviona."

Ernesti akacheka. Alikuwa Mbondei wa upande wa Magila, mtu mrefu mwenye mikono iliyochubuka kwa saruji, na katika kazi yake alikuwa ameshazoea kusubiri mume na mke wamalize. Akakaa kwenye ukingo wa baraza akatoa tumbaku yake.

Asmahani hakubishana zaidi. Alikiokota kile kidogo, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha zake. Macho yalikuwa kwenye kigae, lakini moyo ulikuwa ng'ambo ya mto Pangani, kijijini Bweni, kwa mama yake.

Bi Mwatumu alikuwa akikaa peke yake kule tangu afiwe na mumewe. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya mawe na udongo, paa la makuti, na sakafu ya chokaa iliyotwangwa na wanawake kwa vipande vya miti huku wakiimba, enzi hizo yeye mwenyewe akiwa mwari. Masika iliyokuwa imetoka kupita iliangusha ukuta wa nyuma. Majirani walimtoa, wakamwekea turubai, wakampikia. Goti lake la kushoto nalo lilikuwa limeanza kumgomea. Asmahani alivuka kwa pantoni mara nyingi kwenda kumsihi, na kila mara alirudi Tanga na nazi na samaki wakavu, mama hakurudi naye. Safari ya mwisho ndipo Bi Mwatumu aliposema: "Haya, nitakuja kutazama. Mimi anayeniambia ni mguu wangu. Ukitulia, nitakaa. Usipotulia, mtanirudisha kwangu, na tusiulizane tena."

Hilo la tusiulizane tena ndilo lililokuwa likimzungusha Asmahani. Mama yake si mtu wa kusema neno halafu akalirudia rudia. Akisema mara moja amesema. Na ukuta wa kule Bweni ulikuwa bado turubai.

"Niachie vitatu vyote, fundi," alisema. "Unipe siku kidogo."

Asmahani alikuwa mfumaji. Majamvi, mikeka, misala, vikapu, hata vipepeo vya jikoni, vyote alivifanya kwa mkono wake, na watu walitoka mpaka Chumbageni kumwagizia. Akapata wazo la kimfumaji. Alitwaa jamvi lililochakaa, akaweka kile kigae kikubwa juu yake, akakizungushia mkaa, akakata kwa mkasi. Akakata vingine vya kadiri hiyo hiyo. Halafu vya inchi nane, halafu vidogo, mpaka mkasi ukamwacha na malengelenge. Hivyo vipande vya jamvi akavitandaza sebuleni kama ndio vigae vyenyewe.

Kijakazi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alichungulia mlangoni.

"Shoga, umeanza kushona kanzu ya tembo?"

"Njoo unisaidie kutazama, acha maneno."

Wakatazama. Wakatoka nje wakaingia tena, kama wageni, Kijakazi akijifanya kubisha hodi na kuinua mabega. Sebuleni vikubwa vilikaa vizuri. Jicho lilipita mpaka dirishani bila kukwama. Vidogo mle mle sebuleni vilichosha, mtu akaona kama anachambua mchele. Ukumbini mambo yakageuka. Ukumbi ule ulikuwa mrefu na mwembamba, na vikubwa vilipopangwa vikaacha ubavuni uchochoro mwembamba ambao ungetaka kuzibwa kwa vipande.

"Huyu kavaa shuka fupi," Kijakazi alisema. "Kifundo kiko nje."

Vya inchi nane vikaenea ukuta kwa ukuta, barabara. Hapo Asmahani akaridhika. Chumba cha uani, ambacho ndicho alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mama, kilikuwa kidogo cha mraba, mlango mmoja unatoka ukumbini na mwingine unatoka moja kwa moja kwenye mtungi wa maji. Kila ukubwa ulienea. Alijaribu vyote, na kwa macho yake vidogo ndivyo vilivyokifanya chumba kile kipendeze, kikawa kama kisanduku kilichotiwa nakshi.

Hatibu aliporudi alivikuta vile vipande vimetapakaa nyumba nzima.

"Mke wangu, tumeingiliwa na panya?"

Asmahani akamtembeza. Sebuleni akakubali kwa furaha, maana ndilo alilolitaka. Ukumbini akaguna, akapima uchochoro kwa shubiri yake, akakubali. Walipofika chumba cha uani akasimama.

"Hapa sivyo."

"Mbona sivyo?"

"Mama mkwe wangu nimtie vile vidogo, halafu vikubwa nivikalie mimi sebuleni? Watu watasemaje? Yeye mwenyewe atasemaje? Atasema Hatibu kajitilia mnofu, kaniwekea miiba."

"Hawezi kusema hivyo."

"Hatasema, ndiyo. Atanyamaza. Ndiyo mbaya zaidi."

Na kweli hakuwa na njia ya kumwuliza. Tangu amwoe Asmahani, Hatibu hakuwahi kumtazama mkwewe usoni, wala Bi Mwatumu hakuwahi kumwita kwa jina. Wakiwa na la kuambiana walilipitisha kwa Asmahani, hata wakiwa wote wamekaa mkeka mmoja. Ndiyo adabu waliyolelewa nayo. Mkwe hupewa kilicho bora, na hapewi kwa kuulizwa, hupewa kwa kuwekewa mbele. Kwa Hatibu kilicho bora kilikuwa kile kilichotaka mikono miwili.

Asmahani aliona jinsi uso wa mumewe ulivyolegea alipokuwa akilisema hilo. Mtu mwingine angetafuta sababu mama mkwe asije kabisa. Huyu wake anagombania kumpa kikubwa. Akameza maneno aliyokuwa nayo.

"Haya," akasema. "Vikubwa viende kwa mama."

Ernesti alianza na chumba hicho, kwa sababu ndicho kilichokuwa na haraka. Alivuta nyuzi mbili zikakatana katikati ya chumba, akaweka cha kwanza pale zilipokutana, akakigonga kwa mpini wa nyundo mpaka pima maji yake ikatulia. Kutoka hapo akaenda nje nje mpaka kwenye kuta. Kazi ilitoka safi. Vile vigae vikubwa vilikutana karibu karibu mno, mstari hauonekani, na mchana jua lilipopenya dirishani chumba kizima kilikuwa kama kimemwagiwa sharubati ya rozi. Mwenyewe Ernesti alivua kofia akasema, "Nilikuwa na mashaka na ukubwa, lakini tazama." Hatibu alimwita Kijakazi, akamwita na mumewe Kijakazi, akamwita muuza maziwa.

Bi Mwatumu alifika Jumatano na basi la Pangani, kikapu kimoja mkononi na kingine kichwani, ushungi umemkaa sawasawa kama ndio kwanza ajifunge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mbona umekonda? Au ni hilo gauni?"

Hatibu alikuwa barazani, macho chini. "Mwambie mama shikamoo, na karibu sana."

"Mwambie mumeo marahaba, na mlango wake nimeupenda, unafunga kwa sauti ya heshima."

Akavua viatu mlangoni, akaingia. Alipita ukumbini kwenye lile zege akikohoa. Alipofika chumbani kwake akasimama kizingitini. Asmahani alimtazama usoni, hata kupepesa hakupepesa.

"Mashaallah," Bi Mwatumu alisema. "Humu nitajitazama uso bila kioo."

Asmahani alitamani kuruka. Akamtandikia mkeka wake mpya kuliko yote, wa rangi tatu, akamletea maji ya madafu, wakazungumza habari za Bweni, nani kaolewa, nani kaachwa, ng'ombe wa nani kaliwa na mamba. Ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Mwatumu akatoka kwa ule mlango wa uani, akachota maji kwa kata, akatia udhu polepole kama kawaida yake, akaosha miguu mpaka vifundoni. Akarudi ndani na miguu yake mibichi, kama alivyorudi siku zote za maisha yake.

Mguu wa kwanza ulipokanyaga ndani ukateleza. Akashika mwimo wa mlango. Wa pili akauweka kwa hadhari, ukashika. Akavuka hatua nyingine mpaka kwenye mkeka, akashusha pumzi, na alipouwekea uzito wake wote, mkeka wenyewe ukaondoka. Ukaenda naye mpaka ukutani, na Bi Mwatumu akajikuta ameketi chini, kata bado i mkononi.

"Mama!"

"Nipo. Usinivute, nipo." Akapapasa goti, akapapasa kiuno, akaona hakuna kilichovunjika. Halafu akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Mkeka wako umenipakia bila nauli, Asmahani."

Akaswali ameketi. Wakala. Wali ulikuwa wa nazi na papa wa kukaushwa, na Bi Mwatumu alikula vizuri, akausifu. Alipokwisha kunawa akasema, kwa upole kabisa, "Nyumba yenu nzuri, Mungu aijaze kheri. Jumamosi mtanifikisha kwenye basi."

"Mama, ni sakafu tu, tutatandika—"

"Tulisemezana nini mimi na wewe?"

Asmahani akakusanya vyombo. Jikoni alisugua sufuria moja mpaka Hatibu akaja kumwondolea mkononi.

"Nimempa vikubwa kuliko vyote," Hatibu alisema, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa zawadi yake. "Vizuri kuliko vyote vilivyoko pale karakana."

"Najua."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Wewe ulivichagua umevaa viatu," Asmahani alisema. "Mama haingii ndani na viatu. Anaingia na maji miguuni mara tano kutwa. Na mimi ndiye mjinga zaidi, nimekaa siku nzima nakata majamvi. Jamvi linamtelezesha nani? Nilijaribu kwa macho, sikujaribu kwa unyayo."

Hatibu akakaa juu ya kinu.

Ijumaa, Hatibu akiwa amekwenda msikitini, Ernesti alikuja kuanza sebule, na mkokoteni wa vigae ukasimama uani. Asmahani akamwambia angoje. Akamtaka atwae vile vidogo alivyokuwa amevileta kwa ajili ya pale pa kuogea, na vya inchi nane, na vikubwa, avipange mchangani pale pale uani, kila ukubwa na jukwaa lake. Ernesti alitaka kuuliza, akamtazama usoni, akapanga. Asmahani akachukua ndoo ya maji akayamwagia majukwaa yote matatu, akaikunja kanga yake, akavua viatu.

Bi Mwatumu alikuwa mlangoni mwa jiko, juu ya kigoda, anachagua mchele. Mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Asmahani alipanda juu ya vikubwa. Akateleza, akajishika. Akapanda juu ya vya kati, akaenda, akayumba kidogo. Akapanda juu ya vidogo.

"Sivyo hivyo," sauti ikatoka jikoni.

"Nini, mama?"

"Unatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Ukitembea hivyo hata kwenye ukuta utapanda. Mtu anajaribu kwa uzito wake wote. Ondoka hapo."

Akaweka ungo chini, akaja. Akajimwagia maji miguuni kwa kata, kulia, kushoto. Ernesti akanyoosha mkono amshike.

"Niache, kijana. Mimi si yai."

"Ndiyo, Bi mkubwa, lakini yai nikilivunja silaumiwi na mji mzima."

"Nyie Wabondei mna midomo," Bi Mwatumu alisema, na akapanda.

Kwenye vikubwa hakuweka hata mguu wa pili. Akashuka. Kwenye vya inchi nane alikwenda mpaka mwisho, akarudi, akapinda midomo. Kwenye vidogo akaenda, akageuka, akasimama kwa mguu mmoja ule mzima, akasimama kwa ule wa goti bovu. Akasema amwagiwe maji zaidi. Asmahani akamwaga. Akaenda tena, kwa haraka safari hii, ushungi ukamdondoka mabegani.

"Fundi."

"Naam."

"Kuna dawa gani humu? Mbona ni vile vile, vinang'aa vile vile?"

Ernesti akachuchumaa. Akakaa kidogo akiangalia ule mguu wa Bi Mwatumu, mwembamba, mrefu, wenye hina iliyofifia kuchani. Akasema polepole, kama naye ndio kwanza analiona, kuwa unyayo wake ukilala juu ya kile kikubwa unaingia wote ndani ya kigae kimoja, kisigino mpaka vidole, na hauna kitu cha kushika. Kwenye cha kati unavuka mstari mmoja. Kwenye hivi vidogo unavuka mistari huku na huku, na kila mstari una kingo zinazokwaruza kidogo, na vidole vinajikamata hapo vyenyewe. "Na maji nayo yanapata pa kukimbilia," akasema. "Yanaingia kwenye mistari. Juu ya kile kikubwa yanakaa tu."

"Sasa haya ulikuwa huyajui juzi?"

"Pa kuogea nayajua, ndiyo maana huweka vidogo. Chumbani sijapata kuambiwa mtu ataingia na maji. Watu wengine hujifuta."

"Wajifute udhu wao!" Bi Mwatumu alisema. "Tangu lini?"

"Mimi Mkristo, Bi mkubwa, ningelijuaje?"

Hapo wote watatu wakacheka, hata Kijakazi aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ukuta, na akajulikana kuwa yupo.

Hatibu alirudi kutoka msikitini amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akamkuta mama mkwe wake katikati ya uani anatembea juu ya vigae, maji yanachuruzika. Akageuka upesi akautazama ukuta.

"Asmahani, mwambie mumeo asiukodolee ukuta, haujafanya kitu," Bi Mwatumu alisema. "Mwambie vigae vyake vikubwa ni vizuri mno. Vimenizidi."

Asmahani alishika ndoo kwa mikono miwili. Sasa maneno yalikuwa yamefika kwa mumewe, na mumewe alikuwa mtu mwenye kuumia. Kubomoa kilichokwisha kujengwa, tena kilichoonyeshwa hadi kwa muuza maziwa, si jambo dogo. Hatibu alikuna shingo. Akarekebisha kofia. Akaangalia vile vidogo mchangani, na nyayo za maji zilizokuwa zimetapakaa juu yake, hazina hata moja iliyoburuzika.

"Mwambie mama," alisema hatimaye, "kwamba vile vikubwa kwa kweli nilivikusudia sebule. Fundi ndiye aliyechanganya."

Ernesti akafungua mdomo. Akaona Asmahani anavyomtazama. "Nilichanganya," akasema.

"Mwambie mumeo nilihisi hivyo," Bi Mwatumu akajibu bila kutabasamu, "maana fundi mwenyewe kichwa chake kiko Magila."

Kazi ya kung'oa ilianza alasiri ile ile. Saruji ilikuwa bado changa, na Ernesti akawa anapenyeza patasi chini ya kigae na kukitikisa taratibu kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Hatibu alivua kanzu akajifunga shuka akawa anavipokea na kuvikwangua migongo ndani ya karai la maji. Kimoja kilipasuka. Akavishika vile vipande viwili mkononi, akaviweka kando. Asmahani akamletea chai ya tangawizi, akamkalia karibu, akaanza naye kukwangua.

Jumamosi ikafika. Asmahani alikuwa ameamka mapema amechoma mikate ya mofa ya safari, maana hakuwa amesikia neno jipya, na kuuliza alikuwa amekatazwa. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka karibu na vikapu vya mama. Bi Mwatumu alikunywa chai, akakifungua kile kitambaa, akamega mkate, akala.

"Basi linapita saa ngapi?"

"Karibu litapita, mama."

"Lipite. Nataka nione huyu fundi anavyojaza mistari. Akiijaza mpaka juu atakuwa hajafanya kitu, itakuwa kama kile kikubwa tu. Aiache chini kidogo."

Akaburura kigoda mpaka mlangoni mwa chumba, akakaa hapo na kazi yake ya ukili mkononi. Alisuka na kuamuru. Ernesti alipinda mstari akaambiwa. Aliposema haukupinda, akaambiwa aje akae pale kwenye kigoda atazame. Akaja, akatazama, akarudi akaunyoosha. Vidogo vile vilikwenda polepole kuliko vikubwa, na kwa siku zilizofuata nyumba iliishi kwa mdundo wa mpini wa nyundo, tok, tok, na sauti ya Bi Mwatumu katikati. Kutoka chumbani vikatoka kwa mlango wa uani mpaka kwenye mtungi wa maji, ili njia yote ya udhu iwe moja. Ukumbi ukapata vya inchi nane. Sebule ikapata vile vikubwa, na Hatibu akavitembelea kila akirudi kazini, na viatu vyake, mpaka Asmahani akamwambia avue.

Jina la Bweni halikutajwa. Asmahani alilala nalo akaamka nalo. Mara mbili lilimfika ulimini akalirudisha.

Chumba kilipokauka, Bi Mwatumu hakumwita mtu. Alitia udhu wa alasiri, akaingia na miguu yake mibichi. Asmahani alikuwa ukumbini na sinia la vikombe. Akasimama pale pale. Alimwona mama yake anavuka kizingiti, haangalii chini, anazungumza peke yake habari za chumvi ya mchuzi wa mchana. Akafika kwenye mkeka, akaukanyaga. Mkeka ukakaa. Akaswali kwa kusimama, akarukuu, akasujudu, akainuka kwa kushika goti, akamaliza.

Ernesti alikuwa nje ya mlango wa uani anaosha mwiko wake. Bi Mwatumu akaketi juu ya mkeka, akanyoosha miguu, akamwita.

"Fundi. Vigae hivi vitahimili miguu ya samadari?"

"Samadari gani, Bi mkubwa?"

"Yangu. Ya mvule. Kitanda nilichoolewa nacho. Miguu yake minene hivi, na mtu mmoja haibebi. Nisije nikaileta ikavipasua, mkasema mimi ndiye mharibifu."

Ernesti akatazama chumba, akatazama pembe. Akasema itahimili, ila chini ya kila mguu pawekwe kipande cha mbao cha kukikinga kigae.

"Basi niwekee pale, ukutani, nikilala miguu yangu isielekee kibla. Na mbao ziwe nzuri, si za sanduku la sabuni."

Asmahani aliweka sinia chini pale pale ukumbini, taratibu, vikombe visilie. Akaenda sebuleni. Hatibu alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha uvivu, miguu mitupu juu ya vigae vyake vikubwa.

"Vaa viatu," akamwambia.

"Juzi uliniambia nivue!"

"Leo vaa. Nenda kwa yule mwenye lori la nazi, kabla hajaondoka. Mwulize ni lini, akirudi kutoka Pangani, atakuwa na nafasi ya kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Asmahani akamwinamia akamnong'oneza. Hatibu alikuwa barabarani kabla hajafunga gidamu ya kiatu cha pili.